Bomba la Kampanye

Mwaka wa kura, kwetu Gasenyi, maji yalikuja kabla ya kura na yakakatika baada ya kura. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa pale na bidoni yangu ya maji. Wasomi wanaobishana redioni kama ofisi za serikali hubadilisha mambo yao kwa sababu uchaguzi unakaribia, au kwa sababu wakati wa kubadilisha umefika wenyewe, waje waniulize mimi. Nitawapeleka kaburini, tutabishania huko.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa, upande ambao jiji linaishia. Nyuma yake kulikuwa na shamba la mihogo la mtu aliyekimbia, halafu korongo, na chini ya korongo mto. Ng'ambo, juu, askari walikuwa na pozisyo yao: mifuko ya mchanga, hema mbili tatu, na bunduki moja kubwa ya miguu imeelekezwa mtoni. Nyuma ya askari ni vilima, na vilimani walikaa waasi waliokataa kusaini amani pamoja na wenzao. Giza likiingia walishuka, wakapigana na askari juu ya mapaa yetu. Asubuhi unakuta tundu ukutani mahali ambapo jana ulitundika nguo.

Bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu nilipoletwa pale kuolewa. Ofisi ya maji ilisema mpira mkubwa wa maji unapita mlimani, umepasuliwa na bomu, na fundi hawezi kupanda huko mpaka amani irudi. Niliona ni sababu ya kweli. Nani atamtuma baba wa watoto akauawe kwa ajili ya mpira? Kwa hiyo tuliteka mtoni, asubuhi, jua likishapanda, na askari walituzoea. Walituita majina ya kipumbavu, tukawatukana, tukapanda na maji yetu.

Mwaka ule nilikuwa na mimba ya kwanza. Mume wangu alikuwa zamu, analinda nyumba ya watu Mutanga Sud, analala huko na kurudi asubuhi macho mekundu. Tuliishi watatu: mimi, yeye, na mama yake, yaani mabukwe wangu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikimbia kutoka kilimani vita vilipoanza, akiwa na mwanawe huyo mmoja na sufuria moja, wengine akawaacha chini ya udongo. Alipenda redio kuliko chakula.

Magari ya kampanye yalipoanza kupita na vipaza sauti, lori la ofisi ya maji nalo likaja. Mafundi wakapanda mlimani na mipira mipya mabegani. Mlima ule ule. Usiku uliotangulia tulikuwa tumelala chini ya kitanda, mabukwe amenifunika tumbo kwa mwili wake kwa sababu risasi zilikuwa zinapita jikoni. Amani ipi hiyo iliyorudi?

Wakarekebisha haraka haraka. Wakapaka saruji ya bomba chokaa nyeupe. Akaja muheshimiwa mmoja wa ofisi hiyo, suti ya kijivu, jasho shingoni, akafungua mwenyewe, akanywa glasi nzima mbele yetu.

"Musiseme haya ni maji ya kampanye," alisema. "Apana. Hii ni mupango mupya ya ofisi. Kila mutaa ya pembeni itapata robine yake ya maji."

Watu wakapiga makofi. Mabukwe alipiga mpaka mikono ikawa myekundu. Njiani nikamwambia:

"Kura ikiisha watafunga."

"We mukazana wangu, mutu akikupa maji unamuuliza ameota nini?"

"Mi namuuliza kwa nini jana mlima ulikuwa na waasi na leo hauna."

"Mudomo yako hiyo! Mutoto atazaliwa nayo, utaona."

Kisha shefu wa zone, mkubwa wa mitaa yetu yote, akatuita, akatusomea amri ya jeshi. Kwa kuwa sasa mtaa una bomba, hakuna mwenye sababu ya kwenda mtoni. Njia ya korongo imefungwa. Atakayeonekana kule ni mtu anayewapelekea waasi maji na chakula, na askari hawatauliza. Tukajibu ndiyo. Nani angekataa? Tulikuwa na bomba jeupe kama jino. Hata mimi, pamoja na mdomo wangu, sikuliona lile shimo: kwamba bomba ni la ofisi moja na njia ni ya ofisi nyingine, na siku ofisi ya kwanza itakapobadilisha nia, ya pili haitapelekewa habari.

Nilijifungua mchana, zahanati, mtoto wa kiume, akatoka akilia kwa hasira. Nikarudi nyumbani nikaingia kitandani, na mabukwe akaichukua nyumba yote mikononi mwake. Kwetu mzazi hashiki kazi mpaka mtoto atolewe nje, aonyeshwe kwa watu na kupewa jina. Mpaka siku hiyo anayemuogesha ni mama wa baba, asubuhi na jioni, kwa maji ya vuguvugu. Nikigusa hata kikombe alinipiga mkono.

"Ukibeba bidoni sasa, tumbo itaanguka. Mi nilibeba, ikaanguka. Ilichukua watoto wawili waliofuata. Lala."

Siku ya kura aliamka gizani, akapaka mafuta miguu, akaenda kupanga mstari. Alirudi na kidole cheusi cha wino, akakiweka mbele ya pua yangu.

"Ona. Mi nimekuwa mutu."

"Ulikuwa nini, mbuzi?"

"Nilikuwa mukimbizi," alisema. Akacheka, lakini hakukificha kidole siku ile yote. Alitupikia ugali kikiwa kimesimama, kama kinauma.

Redio ilipomaliza kusoma matokeo, fundi wa maji alikuja. Alikuwa na ufunguo mrefu wa chuma wenye mikono miwili juu, kama msalaba. Akaingiza kwenye chemba kando ya bomba, akazungusha mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Nilimwona kwa dirisha. Jirani yangu, mama mmoja muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, mwanamke asiyemuogopa hata padri, alikuwa kwenye mstari na ndoo yake.

"Baba, kuna nini?"

"Pane. Imeharibika."

"Pane iko wapi?"

"Mulimani."

"Pane iko mulimani na we unafungia hapa?"

Akabeba ufunguo wake, akaenda.

Maji tuliyokuwa nayo ndani tuliyanywa. Waliouza maji kwa baiskeli hawakufika kwetu, waliogopa risasi. Mabukwe akamuogesha mtoto kwa kitambaa kilicholoweshwa, halafu kwa kitambaa kilichokauka, halafu kwa mate yake mwenyewe. Kiangazi, vumbi linaingia hata puani mwa aliyelala. Kitovu cha mtoto kikaanza kutoa usaha. Ngozi ya kando ikawa nyekundu, halafu ya moto. Muuguzi alikuwa ametuambia wakati wa kutoka: kioshwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa, kikiharibika mtoto anakufa, na anakufa haraka. Usiku mtoto alilia, na karibu na alfajiri akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa.

Mabukwe akachukua bidoni.

"Ngoja mwanao arudi," nilimwambia.

"Arudi aende yeye? Mwanaume akionekana kule, hapo watasema muasi kabisa. Mi ni muzee. Nani anaogopa muzee?"

"Amri imesomwa. Ulikuwepo."

"Ile amri ni ya waasi. Waasi wamekataa kura. Mi nimepiga." Akavuta chini ya godoro fulana nyeupe aliyopewa na watu wa kampanye, akaivaa juu ya kitenge chake. "Wakiona hii watajua ni mutu wa kura. Na nitawaonyesha kidole."

"Mabukwe, kidole hakionekani toka kule juu."

"Kitaonekana. Nitakiinua."

Niliteremsha miguu kitandani. Akanisukuma kifuani kwa mikono miwili, kwa nguvu, nikaanguka nyuma. "Mutoto asiyeogeshwa na nyanya yake atatoka nje namna gani? Lala, we!"

Akaenda. Muuza ndagala alimfuata mbali kidogo na ndoo yake.

Risasi za usiku tulizijua, zinakuja nyingi nyingi kama mvua ya mawe. Hizi zilikuwa za mchana. Moja, kimya, halafu mfululizo mfupi, halafu moja peke yake. Nilisimama mlangoni na mtoto mkononi, damu ya uzazi ikinitiririka miguuni, nikapiga kelele mpaka koo likachanika.

Muuza ndagala alirudi akitambaa kwenye mihogo, magoti yamechubuka, ndoo ameitupa.

"Alikuwa ameshateka," alisema. "Alikuwa anapanda. Wakamwita. Hakukimbia, yule mama, alisimama! Bidoni iko kichwani, ameishika na mukono moja. Ile ingine akainua. Akainua kidole. Wakampiga hapa." Akajigusa chini ya titi. "Akakaa chini. Wakampiga tena amekaa."

Mume wangu alifika, hakuuliza mara mbili. Alifunga shuka nyeupe ya mtoto kwenye fimbo, akazunguka kwa barabara mpaka pozisyo, mikono juu. Walimlaza kifudifudi, wakamkanyaga mgongo, mmoja akamkojolea karibu na kichwa. Hayo aliniambia mwenyewe, akiangalia ukuta.

"Njia imefungwa," walimwambia. "Mulisomewa."

"Robine imefungwa pia, afande."

"Robine si yetu. Nenda uulize ofisi ya maji."

"Hamkuambiwa kama imefungwa?"

"Nani atatuambia? Sisi tuko na amri ya njia."

Walimwacha achukue maiti jua lilipokuwa linakwenda upande wa Kongo. Mchana kutwa mama yake alikuwa amekaa pale kwenye jua, mgongo kwenye jiwe, mdomo wazi, nzi wakiingia na kutoka. Mume wangu aliporudi alikuwa amembeba mgongoni kama mtoto, amemfunga kwa kitenge. Fulana nyeupe ilikuwa nyeusi. Mkononi alivuta bidoni. Risasi moja ilipita kwenye bidoni, ikaacha tundu karibu na katikati. Maji ya juu ya tundu yalimwagika. Ya chini yalibaki.

Wanawake wa mtaa waliingia, wakamlaza kwenye mkeka, wakatazama ile bidoni.

"Aoshwe kwanza," alisema mmoja, mkubwa wao. "Mufu haendi na damu."

"Maji ni ya mtoto," nikasema.

"We, mabukwe yako amelala hapa!"

"Amelala hapa kwa sababu ya maji ya mtoto. Mukigusa hiyo bidoni nitawauma."

Walidhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa sijawahi kuwa na akili timamu kama saa ile. Mwingine alinivuta nywele, nikampiga kiwiko kwenye pua, damu ikatoka, mtoto kati yetu anaungua kwa homa. Muuza ndagala ndiye aliyeinyakua bidoni. Akamimina sufuria moja, akaiweka motoni. Yaliyobaki akamimina kwenye beseni. Nilichemsha, nikaosha kitovu, usaha ukatoka, nikaosha tena. Wao walimuosha mabukwe uso na kifua, miguu wakaipangusa tu. Wakasugua kidole. Wino haukutoka. Alizikwa nacho.

Niliendelea kuosha kitovu kwa yale ya sufuria, tone kwa tone, na muuza ndagala akawa ananiletea chupa za maji kutoka sokoni, amezificha chini ya samaki. Mtoto akapona. Ana kovu kubwa pale, kama sarafu.

Sikukaa ndani tena. Nani angenikalisha?

Halafu kura ya pili ya mwaka ule ule ikakaribia, ile ya wabunge, na siku magari ya vipaza sauti yaliporudi, fundi alirudi pia na ufunguo wake. Maji yakatoka. Chokaa mpya. Muheshimiwa yule yule, suti ile ile, glasi. "Mupango mupya ya ofisi," akasema tena, bila aibu, mbele ya watu wale wale. Nikajisukuma mbele, mtoto mgongoni.

"Muheshimiwa, pane ya mlimani imepona?"

"Imepona, mama."

"Imeponaje juma hili hili la kampanye?"

Akatazama watu wake, akatabasamu. "Mama, we unafikiri maji nayo inapiga kura?"

Wakacheka. Watu wa mtaa wangu walicheka, na bidoni zao mkononi, na kaburi halijaota hata jani. Nilimtemea mate. Yaliangukia kiatu chake. Kijana mmoja wa fulana ya kampanye akanipiga kofi lililonizungusha, nikaanguka upande ili nisimkandamize mtoto. Nilipoinuka nilipanga mstari, nikateka. Mjinga gani angesusa maji?

Lakini usoni mwa wanawake niliona kitu. Jioni walikuja mmoja mmoja, hata yule niliyempiga kiwiko, pua bado imevimba. Sikuwahubiria. Niliwauliza tu: mara ya kwanza fundi alikuja kufunga lini? Redio ilipomaliza matokeo, wakajibu. Basi, nikasema, na sisi tusikilize redio.

Tulisikiliza. Siku ile msomaji alipomaliza matokeo, tulikwenda bombani na michi ya kutwangia, tukakaa juu ya mfuniko wa chemba, tukipiga soga za uwongo. Fundi alikuja na ufunguo begani. Alipotuona alisita.

"Habari, wamama. Kuna pane."

"Mulimani?" aliuliza muuza ndagala.

"Mulimani, ndiyo."

Muuza ndagala akawa wa kwanza kumpiga. Mchi ulimpata bega. Halafu sote. Alianguka, akajikunja, akalia kama mtoto, "mama yangu, mama yangu," na neno hilo ndilo lililonimaliza kabisa. Nilimkalia kifuani.

"Nani anakwambia ufunge?"

"Ofisini!"

"Wanasemaje?"

"Wanatoa tarehe tu! Fungua tarehe hii, funga tarehe hii!" Damu ilimtoka puani ikaingia mdomoni, aliongea akitema. "Si siri, mama! Kalenda ya kura imebandikwa ukutani. Kando yake iko ya robine. Mitaa ya pembeni yote!"

"Na mulimani? Mpira ulipasukia wapi?"

"Mpira wa mulimani haujapasuka toka tuutengeneze. Ni mazuti, mafuta ya kuendesha pampu. Wanatoa wakati wa kampanye, baadaye wanapeleka mitaa ya juu, ya wakubwa."

"Mulipofunga mara ya kwanza, mulimwambia nani? Muliwaambia askari?"

Alinitazama. Hakuelewa swali. Sijawahi kuona uso wa mtu usioelewa swali kiasi kile. "Askari wanahusika nini na robine?" akasema.

Nikauinua mchi nikaupiga mkono wake wa kulia, ule wa ufunguo, juu ya saruji. Mara mbili. Nilisikia vidole vikivunjika. Alikuwa mtu mdogo, najua, anatumwa, ana watoto pengine. Waliomtuma hawakuwahi kuja na ufunguo. Ufunguo tuliutupa chooni.

Askari walikuja wakipiga risasi juu. Walitupiga kwa vitako vya bunduki, wakatulaza kwenye tope la bomba letu wenyewe, mmoja akanivunja mtulinga hapa, mpaka leo mkono huu haunyanyuki vizuri. Muuza ndagala alipoteza meno ya mbele. Mtoto nilikuwa nimemwacha kwa mume wangu, hilo nilifanya vizuri.

Na maji hayakukatika.

Wanawake walitamba. Walisema tumewashinda, ofisi imetuogopa, michi imebadilisha serikali. Walinicheka nilipogeuza uso, bega limefungwa kitambaa.

"We unalia nini sasa? Si maji hayo?"

"Kuna kura ya tatu," nilisema. "Ya washauri wa mitaa."

"Ebu tuache tufurahi kidogo!"

Niliwaacha. Hata mimi nilitaka iwe michi, Mungu anajua. Nilioga mara mbili kwa siku. Nilimtoa mtoto nje, tukampa jina la nyanya yake lililobadilishwa kidogo liwe la kiume, watu wakala maharage na kunywa pombe za kopo, na maji yalikuwepo ya kunawa kwa kila mkono.

Kura ya tatu ikapita. Tukakaa tena juu ya chemba. Hakuja mtu. Asubuhi moja bomba likakohoa, likatema hewa, likanyamaza. Walikuwa wamefunga juu, kwenye tangi, mahali ambapo mchi haufiki. Shefu wa zone tulimuuliza ni lini tena. Akasema kura nyingine ni baada ya miaka mitano. Alisema hivyo bila kufikiri, kisha akashika mdomo wake.

"Na njia ya mtoni?" nikamuuliza. "Imefunguliwa?"

"Sijapata barua."

Kesho yake, jua likiwa juu, nilimfunga mtoto mgongoni na kushika bidoni kwa mkono mzima. Mume wangu alisimama mlangoni, akanizuia, tukasukumana. "Nitazika wangapi?" alisema. Nikampita. Muuza ndagala alikuwa tayari shambani. Halafu wengine. Hatukupanga. Nilipogeuka kwenye mihogo niliona mtaa mzima wa wanawake unakuja, wazee na wajawazito, kila mmoja na chombo chake.

Tulipofika mahali penye jiwe nilisikia sauti kutoka juu.

"Njia imefungwa! Rudini!"

"Na robine imefungwa!" alipaza muuza ndagala, maneno yanapitia pengo la meno. "Chagua moja, mbwa we!"

Risasi ikapiga maji, mbele yetu. Nyingine kwenye mchanga, karibu, vumbi likanirukia mdomoni. Mtoto akaanza kulia mgongoni. Wengine walilala chini. Mimi sikuweza kulala, kwa sababu ya bega ningeshindwa kuinuka, kwa hiyo niliendelea kushuka, nikiwatukana mama zao na bibi zao, nikasikia waliolala wanainuka nyuma yangu. Niliweka bidoni mtoni. Ilijaa polepole sana. Nilitazama juu, nikaona kofia za askari juu ya mifuko ya mchanga, na lile bomba la bunduki, na halikusogea.

Tuliteka sote. Tukapanda.

Sijui ni amri gani iliyowazuia. Kura ilikuwa imekwisha, hakuna aliyetuhitaji. Nyumbani nilichemsha, nikapoza, nikamuogesha mwanangu kwa mkono mmoja, na kesho yake nikashuka tena.